Kabla hujampa fundi pesa: vipimo vinne vya fremu ya baiskeli ya kuruka

Kuna Lindi ya kusini mwa Tanzania, na kuna Lindi ya Kibera, Nairobi. Leo naisemea hii ya pili, ambako vijana wetu wengi wanaishi. Huko, na Kawangware pia, fundi wa kuchomelea hakosekani. Kijana akitaka baiskeli ya trialzi huona kazi ni nyepesi: anunue Black Mamba kuukuu, ikatwe, iungwe upya.

Trialzi ni mchezo wa kuruka juu ya mawe, kuta na mapipa bila mguu kugusa chini. Ulikua Catalonia, Hispania, miaka ya 1970, Pere Pi, bingwa wa pikipiki, alipomfundisha mwanawe Ot kwa baiskeli yale ambayo wakubwa waliyafanya kwa pikipiki.

Black Mamba iliundwa kubeba gunia la mahindi kwa utulivu. Kuigeuza iwe ya kuruka ni kama kuligeuza jahazi la mizigo liwe ngalawa ya mashindano kwa kukata mbao mbili tatu. Kinachoamua ni vipimo, wala si rangi. Vinavyotangulia ni vinne.

Cha kwanza ni urefu wa mkia, yaani kutoka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu la nyuma. Black Mamba hukaribia nusu mita. Trialzi ya gurudumu la inchi 26 huwa kama sentimita 38, na ya inchi 20 kama 35. Mkia ukiwa mfupi, ukijivuta nyuma kidogo tu gurudumu la mbele linainuka. Ukiwa mrefu utavuta mpaka mgongo uume. Lakini usizidishe ufupi: tairi la inchi 26 lina nusu kipenyo cha sentimita 33 hivi, nalo linahitaji nafasi ya kuzunguka.

Cha pili ni kimo cha pedeli. Pitisha uzi kati ya ekseli za magurudumu mawili. Kwenye baiskeli ya kawaida, ekseli ya pedeli iko chini ya uzi huo. Kwenye trialzi iko juu yake kwa sentimita kadhaa, na ya inchi 20 hupanda zaidi. Hapo mchezaji husawazisha upesi juu ya gurudumu moja, na pedeli hazigongi jiwe.

Cha tatu ni pembe ya shingo, inayoshika foki. Black Mamba imelala, karibu digrii 67. Trialzi husimama, digrii 71 hadi 74, ili usukani uitike upesi mahali finyu.

Cha nne ni umbali kati ya ekseli mbili. Inchi 20 huwa karibu mita 1, na inchi 26 huzidi hapo kwa sentimita 7 hadi 10. Mtu mrefu achukue upande wa juu, asije akabanwa magoti na usukani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Viandike vipimo hivi kwenye karatasi, uchore na umbo lenyewe, mkubaliane na fundi kabla moto haujawashwa. Mwambie aongeze kipande cha chuma cha pembetatu chini ya shingo. Kila unapotua, nguvu hukusanyika hapo, na hapo ndipo nyufa huanzia. Shingo ikikatika hewani, kinachofika chini kwanza ni meno.

Kisha, kabla ya kumalizia malipo, funga uzi kutoka sikio la nyuma la kulia, uzungushe shingoni, urudi sikio la kushoto. Pima kutoka kila uzi hadi bomba la siti. Pande zote mbili zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, irudi mezani kwa fundi ingali haijapakwa rangi.

Pesa ya kibarua cha miezi haifai kuishia kwenye chuma kinachopendeza macho tu. Mzazi au kaka mkubwa unayeombwa mchango, iombe karatasi ya vipimo kwanza.