Ujira wa Karibu na Mkataba wa Mbali

Katika nyumba nyingi za visiwa vyetu vya Unguja na Pemba kuna swali linalozungumzwa baada ya sala ya isha, watoto wakishalala. Binti au kijana wa nyumba hiyo amepata kazi hapa hapa kwetu, ya hoteli, ya duka au ya kusomesha skuli ya maandalizi, na ujira wake ni mdogo. Mara anatokea mtu na karatasi ya mkataba wa miaka miwili nchini Oman au kwengineko katika Ghuba, na ujira uliotajwa ndani yake unakaribia mara mbili ya ule wa nyumbani. Baba anasema nenda. Mama ananyamaza. Jawabu inatakiwa kesho kutwa.

Leo tunakusudia kulipima swali hilo. Hatuandiki kwa ajili ya kuwalaumu wanaokwenda, kwani anayetoka kutafuta riziki ya halali hana kosa; wala hatuandiki kwa ajili ya kuwapamba wanaobaki. Tunaandika kwa sababu jambo hili limekuwa likiamuliwa kwa kuangalia tarakimu moja tu, nayo ni ile iliyoandikwa katika karatasi.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba watu wa visiwa hivi si wageni wa kazi za mbali. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na ulipofika msimu mkubwa watu wa Unguja walivuka kwenda kuchuma, wakilipwa kwa pishi. Wavuvi wa Kojani, wa Tumbatu na wa Makunduchi, tangu zama za wazee wetu, hufuata samaki na upepo wakapiga dago katika pwani za watu, na wakakaa huko kwa miezi. Safari hizo zina taabu nyingi, lakini zina mambo mawili yasiyofaa kusahauliwa. La kwanza, mvuvi huondoka na nahodha anayemjua, pamoja na jamaa zake, na hesabu hufanywa mbele ya wote: hutolewa gharama, kisha fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia. La pili, mambo yakiharibika hutweka tanga akarudi kwao, na hakuna wa kumzuia.

Mkataba wa Ghuba haufanani na dago, na hapo ndipo hesabu inapotaka kufanywa upya.

Tuchukue mfano wa kuhesabia. Binti ameahidiwa riyali 80 za Oman kwa mwezi kwa utumishi wa majumbani. Riyali hiyo imefungamanishwa na dola ya Marekani, na riyali moja ni sawa na dola 2.60, kwa hivyo riyali 80 ni dola 208, nazo, tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi 520,000. Hapa kwetu ameahidiwa shilingi 300,000. Kwa kuziangalia tarakimu hizo mbili, hata mtoto wa chuoni angeweza kutwambia ipi ni kubwa. Lakini kazi ya hapa kwetu ni ya saa 8 kwa siku 26, yaani saa 208 kwa mwezi, na kila saa humpatia kiasi cha shilingi 1,442. Kule, akifanya kazi saa 15 kwa siku bila ya siku ya kupumzika, mwezi utakapomalizika atakuwa ametoa saa 450, na kila saa itakuwa imempatia kiasi cha shilingi 1,155. Kumbe ujira ulioonekana mkubwa ndio mdogo, na kilicho kikubwa ni kazi yenyewe.

Saa 15 hatukuzitunga. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na watu kadhaa, wakiwemo wanawake 50 wa Tanzania waliofanya utumishi wa majumbani nchini Oman na katika Falme za Kiarabu. Miongoni mwao walikuwemo walioeleza kwamba walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku, walionyang'anywa pasipoti zao na walionyimwa mishahara yao.

Hata hivyo, mizani haiwi ya haki ikitiwa jiwe upande mmoja. Shilingi 300,000 za nyumbani hazifiki mwisho wa mwezi zikiwa nzima. Kuna nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, kuna mchele, kuna dawa ya bibi, kuna mchango wa harusi na wa maziko, na hakuna Mzanzibari muungwana awezaye kuyapa mgongo hayo. Kule mtumishi hula na hulala kwa mwajiri; basi akijaaliwa mwajiri mwenye kumcha Mungu, akalipwa kila mwezi kama ilivyoandikwa, anaweza kuweka akiba ambayo hapa angeihangaikia miaka mingi. Tunaziona nyumba za matofali zilizosimama kwa fedha hizo, na tunawajua watoto waliosomeshwa kwazo. Kiongozi anayesimama mkutanoni akasema kwamba safari hizo hazina faida yoyote, anasema jambo ambalo wananchi wanaona kwa macho yao kuwa si kweli, na baada ya hapo hawatamsikiliza kwa lolote jengine.

Kwa hivyo fedha peke yake haziwezi kutoa hukumu. Liko jambo jengine la kupimwa, nalo ni mlango. Kazi ambayo mtu anaweza kuiacha ikimchosha ni kazi. Kazi ambayo mlango wake unafungwa kwa nje, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwengine, tunajua babu zetu waliiita jina gani.

Katika nchi za Ghuba utaratibu wa kafala humfungamanisha mfanyakazi wa kigeni na mwajiri aliyemdhamini. Ni haki kusema kwamba mabadiliko yamefanywa. Kuanzia Januari 2021 Oman ilimruhusu mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ya kupata idhini ya yule wa kwanza. Lakini sheria mpya ya kazi ya nchi hiyo, iliyotoka mwaka 2023, haikuwaingiza watumishi wa majumbani, nao ndio wengi wa mabinti zetu waliopo huko. Anayetoroka hutakiwa kurejesha gharama za kuletwa kwake, au huziacha fedha za kazi alizokwisha kuzifanya ili aweze kuachiwa arudi. Huko si kutweka tanga.

Tena kuna gharama ambayo haiandikwi popote. Mama aliyeondoka anamwachia bibi yake mtoto wa miaka mitatu, na anaporudi hukuta mtoto wa miaka mitano asiyemjua, anayejificha nyuma ya kanga ya bibi. Kila familia inajua yenyewe inaweza kulipa kiasi gani kwa hilo. Tunachosema ni kwamba liingizwe katika hesabu kabla ya saini, na lisije likagunduliwa uwanja wa ndege.

Sasa tuuangalie mkataba wenyewe. Wengi wetu tulipita chuoni kabla ya kuingia skuli. Tulifundishwa kuziunga herufi za Kiarabu, tukahitimu msahafu, na maana tukaambiwa itakuja baadaye. Hilo si aibu, na baraka yake tunaijua. Lakini ndiyo sababu binti anaweza kuzitambua herufi zote za mkataba na asijue kwamba haukutaja siku hata moja ya mapumziko. Hao hao walimu wetu ndio waliotufundisha kwamba deni liandikwe na liwe na mashahidi. Mkataba wa miaka miwili ya umri wa mtu ni deni kubwa kuliko gunia la mchele. Basi usitiwe saini ila umeandikwa kwa Kiswahili pia, umesomwa mbele ya wazee, umepita Kamisheni ya Kazi, na nakala yake imebaki nyumbani pamoja na jina la mwajiri na mahali anapokaa. Wakala anayesema kwamba hakuna wakati wa kufanya hayo amekwisha kujieleza.

Hayo ni ya wananchi. Ya viongozi na watendaji wa Serikali ni mazito zaidi.

Kila linapozungumzwa jambo hili hutolewa methali kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mbacha nao sharti utandikike. Haifai kumhimiza kijana abaki kwenye mbacha uliotoboka, kisha tukastaajabu kwamba macho yake yanafuata msala unaopita.

Tuseme wazi penye matundu. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, na hoteli zimejaa pwani ya mashariki na ya kaskazini. Hata hivyo wako wafanyakazi wa hoteli wasiokuwa na hata karatasi moja ya ajira, na masika yanapoingia huambiwa warudi makwao wangoje simu. Kilimo cha mwani kilichoanza kwa biashara mwaka 1989 kimewapa mama zetu wa Paje, Jambiani na Bwejuu fedha za mkononi mwao wenyewe, na wengi wao hadi leo huteremka pwani kila bamvua. Lakini bei ya kilo ya mwani mkavu wa aina ya spinosum kwa miaka mingi imehesabiwa kwa mamia ya shilingi tu, na ile aina ya cottonii yenye bei nzuri imekuwa ikifa kwa joto la maji. Mwenye kuinama majini kutwa akapata hayo hawezi kuzuiwa kwa methali.

Katika jambo hili tunayo hoja ambayo haihitaji kwenda kutafutwa mbali. Kwa miaka mingi karafuu zetu zilikuwa zikivuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Zilitungwa sheria kali, zikawekwa doria, yakatolewa mawaidha, na karafuu ziliendelea kuvuka. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei ya mkulima hatua kwa hatua hadi kufikia shilingi 15,000 kwa kilo, na magendo yakapungua sana. Karafuu, isiyokuwa na masikio wala tumbo, ilikaa nyumbani ilipolipwa. Itakuwaje kwa binaadamu?

Vivyo hivyo, mwaka 2017 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilipopandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi 300,000, ilidhihirika kwamba jambo hilo linawezekana pakiwa na nia. Tunawakumbusha watendaji kwamba kupandisha ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuhakikisha. Mshahara mdogo unaolipwa tarehe yake, wenye hati ya ajira, likizo na michango ya hifadhi ya jamii, una nguvu ya kumweka mtu kwao kuliko mkubwa wa kubahatisha. Wakaguzi wa kazi waende hotelini wakati wa masika, si Disemba tu. Masheha waweke daftari la kila anayeondoka kwa mkataba katika shehia yao, na daftari hilo lifike kwa ubalozi wetu wa Muscat, ili binti akikata mawasiliano miezi miwili pawepo mtu wa kwenda kubisha hodi.

Kwa anayengojewa jawabu kesho kutwa, tunamwambia hivi. Jihesabie saa zako, uulize kinachobaki, na uulize ufunguo wa mlango utashikwa na nani. Ukipata majawabu yaliyoandikwa na yaliyoshuhudiwa, basi nenda kwa heri, na mawimbi yakuchukue salama. Usipoyapata, omba wiki nyengine. Kazi ya halali haiogopi wiki moja.

Na kwa wenye dhamana tunasema kwamba mama yule aliyenyamaza hakukosa la kusema. Anangoja kuona kama kuna kazi hapa ambayo anaweza kumwambia mwanawe abaki kwa ajili yake. Jawabu hiyo haiko kwake. Iko kwetu.