Mtoi Anakam? Jaza Sahani ya Mathe Kwanza

Kama mtoi anakam na ganji ni ile ya kuhesabu, skia hii mapema: kitu ya maana kabisa utamnunulia haiuzwi kwa duka ya watoi. Ni dishi ya mathe yake. Wasee wengi wa mtaa huanzanga na kitanda kadogo yenye nyavu, kigari ya kusukuma na mashine ya kupasha chupa moto, juu wamecheki kwa tenje mresh fulani akifungua maboksi. Halafu mama mtoi anatoka hosi, anapata keja imejaa plastiki na kwa jiko ni strungi pekee. Hiyo ganji ilienda mahali hapana.

Mathe mwenye ananyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kila siku. Usiskie kalori ukadhani ni mambo ya wadosi. Ni sahani moja ya ziada tu: omena na terere, managu na ugali, mayai mawili, uji ya wimbi, supu ya mifupa kutoka kwa buchari. Njahi nayo, wamama wa Central wamekuwa wakipikia mwenye amejifungua tangu zama za mashosho, na mpaka leo ukiingia Wakulima ama Muthurwa utaipata kwa kilo. Mpikie. Akikaa kunyonyesha, mwekee kikombe ya maji ama uji kando, juu kiu humshika hapo hapo na mikono yake haiko free. Buda mwenye anafanya hivyo kila siku amemfanyia mtoi wake kitu kubwa kuliko duka yote ya Biashara Street.

Na mtoi mwenyewe? Miezi 6 za kwanza ni maziwa ya mathe pekee. Si maji, hata jua ya Februari ikiwaka aje. Si glukosi, si ile dawa ya gesi jirani amekuletea, si uji nyepesi ya "kumshikilia". Ile maziwa nzito ya manjano ya siku za kwanza usikubali mtu aseme imwagwe, hiyo ndio kinga yake ya kwanza. Kama mathe hawezi kunyonyesha, ama dokta amesema mtoi apewe maziwa ya mkebe, hakuna aibu hapo na msimsumbue. Lakini uliza kwa kliniki venye inachanganywa, tumia maji imechemka, pima vile mkebe inasema, usiongeze maji ndio ifike mwisho wa mwezi. Na mnyweshe na kikombe kadogo badala ya chupa. Mtaa yenye maji inakam na mitungi mara mbili kwa wiki, ile chuchu ya chupa ni ngumu sana kuosha ikawa safi, na uchafu ikibaki huko ndani mtoi anaharisha. Kikombe unaosha ukiona kila kona. Jua pia Kenya ina sheria tangu 2012 inakataza kampuni kutangazia wazazi maziwa ya mkebe, kwa hivyo msee akikuja kukuuzia sifa za mkebe, uliza nani anamlipa.

Pale Pumwani, hosi ya kujifungua yenye iko tangu 1926, walifungua benki ya maziwa ya mathe 2019, ya kwanza Kenya. Ni ya watoi wamelazwa wenye mathe zao hawawezi kuwanyonyesha kwa wakati huo. Ukisikia watu wanaweka ganji kwa kitu kama hiyo, unajua hii maziwa si mchezo.

Ukitoka Pumwani kwa mguu haufiki mbali kabla uingie Gikomba, na hapo ndio nguo ziko. Kama una nguvu ya kurauka, enda asubuhi mapema wakifungua belo, ndio upate kamera, zile pisi safi zenye hazijachaguliwa. Ukifika mchana utapata fagia, na fagia pia si mbaya kwa mtoi, juu nguo za kichanga huwa hazijavaliwa sana. Wasee wa Kibra na Ngong Road wako na Toi. Usidanganywe na size ndogo kabisa. Kichanga anazipita kwa wiki chache tu, kwa hivyo chukua chache za kuanzia na uongeze za miezi 3 mpaka 6. Tafuta zile zinafunguka mbele, juu kupitisha nguo kwa kichwa ya kichanga saa nane usiku ni kazi. Vuta kila kifungo uone kama imeshika, na kata kamba yoyote iko karibu na shingo. Boshori mbili, soksi, shali moja nzito, leso tatu. Leso ndio utatumia kuliko zote, kwa mgongo, kwa kitanda, kwa kumfunika kwa mathree.

Ukifika keja, fua kila kitu na maji moto, anika kwa jua, piga pasi. Pasi si ya urembo. Kwa sehemu zenye joto kama Pwani kuna nzi hutaga mayai kwa nguo mbichi zikiwa nje, na mabuu inaingia kwa ngozi ya mtoi. Pasi moto inamaliza hiyo story. Kitu moja tu sitakushow uchukue mitumba ni godoro ya mtoi. Imebonyea, imeloa mikojo ya wengine, na hautaiosha ndani.

Sasa pampas, juu hapa ndio ganji huvuja bila msee kuona. Kichanga anabadilishwa mara 8 mpaka 10 kwa siku. Tuseme duka ya ploti inakuuzia moja mbao. Ukihesabu nane tu, siku imekula 160, na mwezi ikiisha umetoa 4,800. Kwa msee wa mjengo hiyo ni renti ya singo. Kununua moja moja ndio njia ghali kuliko zote, na najua ni juu ganji inaingia kidogo kidogo. Kama mnaweza, changa na mabeshte wawili wenye wako na watoi, mchukue katoni kwa duka ya holiseli mgawane. Ukicheki pakiti usiangalie bei ya juu, gawanya kwa idadi ya vipande ndani, ujue kila moja inakam ngapi. Na size ni ya kilo, si ya miezi. Pakiti imeandikwa kilo, na kliniki wanampima mtoi bure.

Njia yenye naamini inashikilia wengi ni kuchanganya. Mchana mkiwa keja, nepi za kitambaa, dazeni mbili hivi. Usiku na safari, pampas. Nepi inataka maji na jua, na Julai ya Nairobi haina jua, so wakati wa baridi utaegemea pampas zaidi, na msijilaumu. Mavi kwanza kwa choo, loweka, fua na sabuni ya kipande, suuza mpaka povu iishe, juu sabuni ikibaki ndio huchoma mtoi matako. Kumpangusa, maji ya vuguvugu na kitambaa laini inatosha, waipsi ni za kutembea nazo. Poda achana nayo kabisa. Ile vumbi mtoi anaivuta kwa mapafu na haimsaidii kitu. Jeli ya kawaida yenye haina harufu iko sawa. Pampas ikishatumika, ikunje, ifunge kwa karatasi, ipeleke kwa taka. Ukiitupa kwa choo ama kwa mtaro, mvua ikinyesha maji inarudi kwa mlango ya jirani.

Mtoi alale kwa mgongo, kila wakati, mahali pagumu kiasi, bila mto, bila blanketi kubwa ya manyoya karibu na uso. Kwa singo kila mtu yuko kitanda moja, hiyo najua, kwa hivyo msee amekunywa ama anavuta fegi asilale karibu na mtoi, na usilale na yeye kwa sofa. Na tafadhali, jiko ya makaa isiingie ndani ya nyumba imefungwa. Kila msimu wa baridi watu hufanya hivyo wakitaka kupasha kichanga joto, na ile gesi ya makaa haina harufu, haina rangi, inamaliza familia nzima wakiwa usingizini. Joto nzuri ni kifua yako. Mvue mtoi abaki na pampas na boshori, mweke kwa ngozi yako, mfunike na shali mgongoni. Buda pia anaweza, na inafanya kazi vizuri hata kwa watoi wamezaliwa kabla ya wakati.

Kitovu ikae kavu na safi mpaka ianguke yenyewe. Hosi ikikupa jeli ya kloroheksidini, paka kwa kitovu pekee na uiweke mbali na dawa za macho, juu kuna watoi wameumia macho mtu akichanganya mirija. Jivu, mate, mavi ya ng'ombe, shosho akisisitiza aje, mwambie kwa heshima hapana.

Kigari ya kusukuma kwa barabara za Kayole ama Mathare? Matope, mtaro, boda zinapita kando. Sare hiyo. Leso ama kibebeo yenye inashikilia mapaja ya mtoi yakiwa yamepanuka vizuri inatosha, na kwa boda usimbebe kama unaweza kuepuka.

Mabeshte wakitaka kukuja kuona mtoi, msiogope kuwashow mnahitaji nini. Wengi wataleta nguo za size moja, zote. Waambie: mmoja alete pampas za size ya pili, mwingine unga na mafuta, mwingine akuje Jumamosi apige dobi. Chama ikichanga, hiyo doh ikae kwa simu ya mama mtoi. Buda, kama umeandikwa job, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa wiki 2 na mshahara, na mathe miezi 3. Itisha, usingoje bosi akumbuke. Na mathe akirudi job, sheria ya afya ya 2017 inataka mwajiri ampatie mahali pa faragha pa kukamua maziwa. Maziwa imekamuliwa inaweza kukaa masaa 4 bila friji, kwa chombo safi imefunikwa, na mtoi apewe na kikombe. Mama mboga hana bosi wala likizo, so buda na majirani ndio likizo yake.

Makaratasi nayo yaanze kabla. Bima ya NHIF ilitoka, SHA ikaingia Oktoba 2024, kwa hivyo piga *147# ujiandikishe, na ulipe mapema, usingoje uchungu ianze. Kitabu ya kliniki ikae mahali kavu. Chanjo kwa kliniki za gava ni bure: ile ya mkono wa kushoto na polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Cheti ya kuzaliwa itafute kabla miezi 6 iishe, baada ya hapo inakuwa safari ndefu.

Ile ganji umeokoa kwa kigari na mashine ya chupa, iweke kando kama fea ya usiku, na usiiguse kwa kitu ingine. Ongea mapema na dere mmoja wa teksi mwenye anaishi karibu, ujue atashika simu saa yoyote. Mtoi akikataa kunyonya, akiwa moto sana ama baridi sana, akipumua haraka kifua ikiingia ndani, akishtuka-shtuka na mwili kukakamaa, viganja na nyayo zikigeuka manjano, ama kitovu ikitoa usaha na ngozi kuwa nyekundu, usimpeleke kwa kemia, na usingoje kukuche. Mfunge kwa kifua, beba kitabu yake, muende hosi saa hiyo hiyo.