Mfuate ndege, upate afya

Mwambie mgonjwa wa presha au wa kisukari atembee kila siku, naye ataitikia, "Ndiyo, daktari." Mwezi ukiisha, hurudi na uzani ule ule na sababu tele: kazi ni nyingi, barabara zina vumbi, na kutembea bila shughuli kunachosha. Sababu hiyo ya mwisho ina ukweli. Binadamu hutembea vizuri anapokuwa na jambo analolifuata. Ndiyo maana leo ninapendekeza jambo ambalo wakazi wengi wa mijini hudhani ni la watalii peke yao, nalo ni kutazama ndege.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na mkazi wa Nairobi hana haja ya kwenda mbali. Nyanda zinazoanzia kusini mwa Mbuga ya Nairobi na kupita Kitengela kuelekea Isinya na Kajiado ni makao ya mbuni, kanga, tai na, katika miezi ya Novemba hadi Aprili, korongo weupe watokao Ulaya.

Jumamosi moja tulitoka Kitengela alfajiri tukiwa watu sita na darubini mbili. Karibu na Isinya tulimwomba mwenye shamba ruhusa, tukaingia malishoni. Miongoni mwetu alikuwemo mwalimu mstaafu mwenye kisukari, ambaye kwa kawaida hupanda matatu hata kwenda sokoni. Mnamo saa tatu ni yeye aliyetuashiria tunyamaze. Katika nyasi fupi alikuwa akitembea karani, ndege mrefu unaofika kifua cha mtu mzima, mwenye manyoya meusi yaliyochomoza kisogoni kama kalamu za makarani wa zamani. Huua nyoka kwa kuwakanyaga kwa nguvu.

Kumwona karani siku hizi ni bahati. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa nyika anazozitegemea zinazidi kupungua. Tulimfuata kwa mbali karibu saa nzima. Tuliporudi kwenye gari tulikuwa tumetembea zaidi ya saa mbili, na mwalimu wetu hakuwa ameuliza hata mara moja tutafika lini.

Kitabibu, hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Asubuhi moja kama hiyo hukupa sehemu kubwa ya dakika hizo, nazo siku nyingine hukamilika kwa matembezi mafupi ya mtaani.

Akili nayo hufaidika. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha King's College London walichapisha uchunguzi wa watu 1,292 waliojibu maswali kwa simu zao. Waliosema wameona au kusikia ndege walijihisi vizuri zaidi, na nafuu hiyo ilidumu hadi saa nane. Hata wenye ugonjwa wa sonona waliipata.

Hata hivyo, nyanda hizi zinakatwa ploti na kuzungushiwa seng'enge mwaka baada ya mwaka. Karani akikosa nafasi ya kutembea, fahamu kwamba wewe na watoto wako mmeikosa pia.

Anayetaka kuanza azingatie haya. Vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu kwa ajili ya nyoka na kupe. Beba maji na kofia, na urudi kabla ya jua la saa sita. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano abebe kitu kitamu, kwani sukari huweza kushuka ghafla. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza. Tena, matembezi hayachukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge vyako.

Usiyejua ndege, jiunge na wanaojua. Matembezi ya Jumatano asubuhi ya chama cha Nature Kenya yalianzishwa jijini Nairobi mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, na wengi walioanza bila kujua lolote wamejifunza humo.