VITU VINAVYOKUNYWA MAJI NA USALAMA WA WATOTO

Maharage makavu yakilowekwa usiku, asubuhi huwa yamevimba kwa sababu yamekunywa maji. Viko vitu vya kiwandani vinavyokunywa maji mengi zaidi. Kimoja ni unga uliomo ndani ya nepi za kutupa, uitwao sodiamu poliakrileti.

Wanakisomo, fanyeni jaribio hili:

1. Pasueni nepi mpya juu ya gazeti, mkung'ute chembe nyeupe zilizomo. Msivute vumbi lake.

2. Tieni kijiko kimoja cha chai cha chembe hizo katika bilauri. Ongezeni maji nusu bilauri. Baada ya dakika chache maji yatakuwa rojo zito. Mkiinamisha bilauri, hayamwagiki.

3. Tieni vijiko viwili vya chumvi, mkoroge. Rojo litalegea na maji yatatoka.

Kwa nini? Unga huo una nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, zilizofungamana kama wavu. Maji yakiingia, nyuzi husukumana, wavu hutanuka na kuyanasa maji. Chumvi hupunguza kusukumana huko, na wavu hunywea.

Mkimaliza, fukieni rojo hilo shimoni, mnawe mikono.

Sasa tazameni hatari. Ziko shanga za rangi zinazovimba majini, ambazo huuzwa kama vitu vya kuchezea au vya kupamba vyombo vya maua. Ushanga mkavu ni mdogo kama punje ya mtama, lakini ukilowa huwa kama gololi au zaidi. Mtoto akiumeza, huweza kuvimba tumboni na kuziba utumbo. Mwaka 2023 huko Marekani, mtoto wa miezi 10 alikufa kwa kumeza shanga hizo.

Dalili ni kutapika, tumbo kuuma na kuvimba, kukataa chakula na kukosa choo. Msingoje dalili. Mpelekeni mtoto hospitali mara moja, mkachukue na ushanga mmoja wa kumwonyesha mganga, kwa maana mara nyingi shanga hizo hazionekani katika picha ya eksirei. Msimtapishe.

Je, ushanga, harage au punje ya mahindi ikiingia sikioni au puani? Msitie maji, kwani itavimba na kukwama. Msichokoe kwa kijiti. Nendeni zahanati.

Kumbukeni: nyumba yenye mtoto mdogo isiwe na shanga hizo.