Jua la Utosi na Mawe ya Masasi

Anayepiga picha chini ya maji bila taa hulipenda jua la utosi. Adhuhuri miale huingia majini wima, ni michache tu inayorudishwa juu na uso wa bahari, na matumbawe yaliyo kina cha mita tano kwenye Ghuba ya Mnazi, Mtwara, hubaki na rangi yake kiasi. Panda kutoka pwani hadi Masasi, na saa hiyohiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi za milima ya mawe.

Milima hiyo haikuanza leo kuvuta macho ya wataalamu. Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia Mjerumani aliyezunguka kusini mwa nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kitabu mwaka 1900 kilichofanya milima ya namna hii, inayochomoza peke yake kwenye uwanda, ijulikane duniani. Mkomaindo na Mtandi, milima ya Masasi, ni mwamba mgumu wa gneisi uliobaki umesimama baada ya ulioizunguka kumomonyoka. Sogea chini ya ubavu wake uone magamba mapana ya jiwe yaliyobanduka, na michirizi myeusi panapoteremka maji ya mvua. Magamba hayo hayaonekani kwenye picha mpaka kingo zake zidondoshe kivuli.

Na kivuli hapa hutegemea kalenda zaidi ya watu wanavyodhani. Masasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, hivyo jua huipita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na 20 Februari na tena karibu na 21 Oktoba. Piga picha mchana siku hizo, kilele kitameta kupita kiasi na ubavu utakuwa giza tupu. Juni mambo ni tofauti. Jua hukaa upande wa kaskazini, na hata adhuhuri kimo chake hakizidi sana nyuzi 56. Ubavu unaotazama kaskazini hupata mwanga wa mshazari na kila ufa hujitokeza. Ubavu wa kusini ulio wima uachie Desemba, jua likishahamia upande huo. Kwa maoni yangu, mkazi wa Masasi mwenye simu ya kawaida, anayeweza kungoja mwezi wake, ana nafasi nzuri kuliko mgeni mwenye lenzi ya mamilioni anayepita mara moja Oktoba.

Adui wa pili wa picha, baada ya jua la utosi, ni umbali. Mpiga mbizi aliye kina cha mita tano, mbele ya mwamba ulio mita tatu kutoka kwake, anapiga picha kwa mwanga uliokwisha kupita mita nane za maji, na maji humeza wekundu kwanza. Ndiyo maana husogea mpaka karibu kuugusa. Hewa haimezi wekundu hivyo, bali vumbi na moshi huweka utando mweupe wa kibuluu kati yako na jiwe. Masasi utando huo una majira yake: moshi wa kuchoma mashamba kabla ya mvua, na salfa ya mikorosho inayopulizwa asubuhi za kiangazi. Basi usipige Mkomaindo kutoka ng'ambo ya mji kwa kuuvuta kwa lenzi. Tembea. Mvua ya Machi ikishanyesha na kukatika alasiri, hewa huwa imeoshwa, na jiwe lililolowa huwa na rangi nzito.

Newala huwezi kusogea, kwani kinachotazamwa ni umbali wenyewe. Ukisimama Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde unakatika chini yako na bonde la Ruvuma linatandaa hadi Msumbiji. Hapo kichujio cha polaraizi kina kazi. Hukata utando vizuri zaidi jua likiwa pembeni yako kabisa, na kwa anayetazama kusini hilo hutokea mapema asubuhi na jioni. Adhuhuri ya Juni, jua likiwa mgongoni, hakitakusaidia sana. Kwenye simu, gusa sehemu angavu ya bonde kisha shusha mwanga kidogo. Kivuli kinaweza kufunguliwa baadaye kwenye programu ya kuhariri, lakini anga lililokwisha kuungua na kuwa jeupe halirudi.