Gaineti ya kijani: Jiwe la Simanjiro lenye jina la Kenya

JIWE la kijani linapotajwa Kasansa, mkoani Katavi, wengi hufikiria zumaridi. Si ajabu, kwani zumaridi imewahi kuchimbwa upande wa Sumbawanga, mkoani Rukwa. Lakini lipo jiwe jingine la kijani, adimu zaidi, ambalo wanunuzi wa nje hulitafuta sana: gaineti ya kijani, kwa jina la biashara tsavoraiti.

Gaineti iliyozoeleka ni nyekundu, na bei yake ni ya kawaida. Hii ya kijani hupata rangi kutokana na chembe za vanadi au kromu zilizoingia ndani ya jiwe wakati likijiunda.

Mjiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aliigundua mwaka 1967 karibu na Komolo, Simanjiro, eneo ambalo leo liko mkoani Manyara. Baadaye aliufuata ukanda uleule wa miamba hadi Kenya na kuikuta tena, karibu na Hifadhi ya Tsavo. Mwaka 1974 kampuni ya masonara ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina la hifadhi hiyo. Hivyo Tanzania ilitoa jiwe, Kenya ikapata jina. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 huko Kenya, aliposhambuliwa na kundi la watu karibu na Voi katika mgogoro wa eneo la machimbo.

Kinachowavutia wanunuzi ni mng'ao. Tsavoraiti hurudisha mwanga kuliko zumaridi, na kwa kawaida huuzwa ilivyotoka ardhini, bila kupikwa motoni wala kupakwa mafuta. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili kuficha nyufa.

Tatizo ni ukubwa. Mawe mengi yaliyokatwa hayafiki hata karati 2, na karati 5 ni gramu 1 tu. Ndiyo maana lilishangaza jiwe ghafi la karati 283.74 lililopatikana Merelani mwaka 2017. Baada ya kukatwa lilibaki karati 116.76, na sasa liko katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani, kwa jina la Simba wa Merelani. Anayenunua mawe ghafi aiangalie vizuri hesabu hiyo: zaidi ya nusu ya uzito iliishia kwenye vumbi la mashine.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kujikinga kwa mzani mdogo wa kielektroniki. Jiwe lipimwe likiwa kavu, kisha lipimwe likiwa limening'inizwa ndani ya maji. Uzito wa kavu ugawanywe kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Likiwa gramu 3.6 kavu na 2.6 majini, tofauti ni 1 na jibu ni 3.6, kipimo cha tsavoraiti. Zumaridi hutoa kama 2.7, na tomalini ya kijani kama 3.1. Ipo vioo vizito vinavyoweza kudanganya mzani, kwa hiyo jiwe la fedha nyingi lipelekwe kwa mtaalamu wa vito kabla ya malipo.

Mkulima wa mpunga wa Kasansa anayetaka kugeuza fedha za mavuno kuwa vito anapaswa kujua jambo moja zaidi. Tsavoraiti hutoka katika miamba ya mashariki: Simanjiro, Merelani, hata Ruangwa mkoani Lindi. Miamba ya Katavi ni ya ukanda mwingine, wa zamani zaidi. Muuzaji anayedai kuichimba nyuma ya kijiji aulizwe shimo liko wapi na leseni yake iko wapi.

Mnunuzi naye anahitaji leseni ya biashara ya madini au ya udalali. Tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani, ambako jiwe hupimwa na mrabaha hulipwa mbele ya maofisa. Jiwe lililonunuliwa gizani bila hati, hata likiwa halisi, ni vigumu kuliuza tena kwa bei yake.