Jinsi Picha za Kawaida Zinavyopima Barafu ya Mlima Kenya na Makorongo ya Mashambani

Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Point Lenana kwenye Mlima Kenya, imepimwa mara nyingi kwa miaka mingi. Kati ya mwaka wa 1934 na 2010, ilipoteza asilimia 79 ya eneo lake. Ujazo wake ulipungua zaidi, kwa asilimia 90.

Tofauti ya takwimu hizo mbili inamhusu pia mkulima wa Imenti au Manyatta. Picha moja huonyesha jinsi kitu kilivyopungua au kupanuka, lakini haionyeshi kina chake. Ili kujua kiasi kilichopotea, ni lazima umbo zima lijengwe upya kwa urefu, upana na kina. Kazi hiyo inawezekana kwa kutumia picha za kawaida.

Mbinu inavyofanya kazi

Nyoosha kidole mbele ya uso, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Kidole kitaonekana kuhama, ilhali kilima kilicho mbali kitabaki palepale. Ubongo hutumia tofauti hiyo kukadiria umbali.

Mbinu ya fotogrametria hufuata kanuni iyo hiyo. Programu ya kompyuta hutafuta alama zilezile, kama vile ufa wa jiwe au kona ya mwamba, katika picha zilizopigwa kutoka sehemu tofauti. Kisha hukokotoa mahali kila alama ilipo. Maelfu ya alama yakiunganishwa, umbo hujitokeza.

Mwaka wa 1934, Wajerumani Carl Troll na Karl Wien walichora ramani ya barafu ya Lewis kutokana na picha walizopiga mlimani. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, waliipima tena kwa vifaa vya GPS. Kulinganisha vipimo vya nyakati tofauti ndiko kulikoonyesha barafu iliyopotea.

Hata hivyo, maji ya mito kama Kathita na Rupingazi hutokana hasa na mvua na misitu ya mlima, wala si barafu. Ndiyo maana kulinda msitu na udongo kunabaki kuwa jambo la kwanza.

Manufaa kwa mkulima

Korongo lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 3 likizama kwa nusu mita katika msimu mmoja, limemeza mita 60 za ujazo za udongo. Hiyo ni karibu shehena ya malori kumi, ingawa kwa macho korongo laweza kuonekana lilelile. Picha za kabla na baada ya mvua huonyesha hasara hiyo, na pia kama gabioni au nyasi zilizopandwa zinasaidia.

Jinsi ya kupiga picha

• Zunguka eneo ukipiga picha nyingi. Kila picha ionyeshe angalau theluthi mbili za ile iliyotangulia.
• Usivute picha karibu kwa kukuza. Sogea wewe mwenyewe.
• Weka fito mbili au tatu zenye urefu unaojulikana, kwa mfano mita moja. Bila kipimo hicho, programu hutoa umbo lakini si ukubwa halisi.
• Piga wakati kuna mawingu mepesi. Vivuli vikali, maji yanayong'aa na majani yanayopeperushwa na upepo huichanganya programu.
• Andika tarehe na mahali. Mara inayofuata, jumuisha vitu visivyohama, kama mwamba au kona ya nyumba, ili maumbo yalinganishwe.
• Anayetaka kutumia droni sharti kwanza apate idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA).

Wakazi wanahimizwa pia kutunza picha za zamani za mlima, mito na mashamba. Picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka pande tofauti, zaweza kuonyesha umbo ambalo halipo tena.

Tahadhari: usikaribie ukingo wa korongo wakati wa mvua. Ukiona nyufa mpya ardhini au miti iliyoanza kuinama kwenye mteremko, usisubiri kupiga picha. Ondoka, uwaonye majirani, kisha umjulishe chifu au msimamizi wa wadi mara moja.